Kabla ya Chopa: Macho ya Polisi Katika Milima ya Kanda ya Kati

Mapanga yakianza kuvuma juu ya Dodoma, watu hutoka nje kutazama, na neno linalotajwa ni moja: chopa. Lilienea nchini mwaka 2005, Freeman Mbowe alipozunguka na helikopta kuomba kura za urais, na tangu wakati huo helikopta imekuwa alama ya mtu mzito anayetua ghafla mahali ambako gari lingehangaika kutwa nzima. Kwa hiyo polisi wanapotajwa kuhitaji macho ya angani, mawazo ya wengi huenda moja kwa moja kwenye chopa. Ile Cessna ya injini moja inayopaa alfajiri kutoka kiwanja cha Dodoma bila mtu kugeuza shingo haiingii kabisa kwenye mazungumzo.

Inastahili kuingia, tena ikiwa ya kwanza. Kanda ya kati ina umbo linalokiadhibu kikosi chenye helikopta peke yake: masafa marefu ya uwanda, halafu milima inayoinuka ghafla pembezoni.

Mkoa wa Dodoma una kilomita za mraba zipatazo 41,000 na, kwa sensa ya 2022, watu 3,085,625. Sehemu kubwa yake ni uwanda ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, mbuyu hapa, kichaka cha miiba pale, na vilima vya mawe ya itale kama Mlimwa vikichomoza hadi katikati ya mji. Ukielekea mashariki mambo hubadilika. Nyuma ya mji wa Mpwapwa inasimama Kiboriani. Baada yake inafuata Rubeho, milima inayopita mita 2,000, yenye misitu upande wa Kilosa na makorongo makavu upande wa Dodoma. Jirani yake ni Ukaguru, ambako kilele cha Mnyera kinafika mita 2,264. Kondoa nako ardhi ilichimbwa na mmomonyoko hadi Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973. Makorongo yale yanaweza kulificha kundi zima la ng'ombe hatua mia mbili tu kutoka barabarani. Ukivuka mpaka wa mkoa kuelekea kaskazini unakutana na Hanang, mita 3,417. Magharibi, ukishaipita Manyoni, ni mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa, miti mpaka macho yachoke.

Kazi inayowapeleka polisi huko inajulikana: mifugo iliyoibwa, ugomvi wa wakulima na wafugaji, majangili, watu waliopotea, ajali na maafa. Desemba 8, 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, ng'ambo ya milima hii hii, wakulima na wafugaji walipokabiliana. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima karibu na Igandu, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Hanang viliushukia mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Kila tukio hapo lilitaka chombo tofauti kwa saa tofauti. Rudewa ilihitaji jicho mapema, siku zile hasira zilipokuwa zinakusanyika. Igandu ilihitaji machela na njia ya haraka ya kufika hospitali. Katesh ilihitaji vyote viwili.

Hapo ndipo tofauti ya vyombo hivi inapoonekana. Ndege ya mabawa ni basi la mkoani: inakwenda mbali, inabeba vingi, nauli yake inahimilika, ila inakushusha stendi. Helikopta ni bodaboda: inakufikisha mlangoni kabisa, lakini hakuna anayesafiri nayo kutoka Dodoma hadi Tabora kwa hiari yake.

Hesabu ya mafuta inaeleza zaidi. Tuseme imepatikana taarifa kwamba majangili wenye silaha wameonekana Rungwa, na Kikosi Dhidi ya Ujangili kinaomba msaada wa polisi. Kutoka Dodoma hadi huko, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 250. Helikopta ya aina ya AS350, ambayo vikosi vingi vya polisi duniani huitumia, husafiri kilomita 230 hivi kwa saa, na tangi lake likijaa huipeleka takriban kilomita 650. Kwenda na kurudi tu kumekula zaidi ya 500. Ukitoa akiba ambayo rubani haruhusiwi kuigusa, muda unaobaki wa kutafuta ni wa dakika chache, labda kama mapipa ya mafuta yalitangulizwa porini. Cessna Caravan yenye tangi lililojaa na watu wachache hukaa angani saa tano au zaidi. Itafika Rungwa kabla saa moja haijatimia, itazunguka juu ya pori saa tatu, kisha itarudi nyumbani ikiwa na akiba yake kamili.

Kutafuta ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya polisi porini. Kukamata huchukua dakika. Kutafuta huchukua siku.

Tanzania ina ushahidi wake wa jambo hili. Sensa za tembo zilizoonyesha kwamba idadi yao ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 na kidogo mwaka 2014 zilifanywa kwa ndege ndogo za mabawa, zikikata mistari iliyonyooka juu ya mapori, watazamaji wakihesabu walio hai na mizoga kupitia madirishani. Cessna 206 na 182 zina bawa juu ya kichwa cha abiria, kwa hiyo anayetazama chini hazibiwi na chochote. Ndani ya ndege hiyo mtazamaji huketi paji la uso likiwa karibu na kioo, daftari gotini, na kila baada ya muda hunyanyua macho kuyapumzisha kwenye upeo, kwa sababu macho yanayokazwa mfululizo juu ya vichaka huacha kuona.

Siku hizi kamera inayoona joto imeongeza nguvu ya mtazamaji huyo, lakini uwanda wa Dodoma una namna yake ya kuichezea. Mawe ya itale hunyonya jua kutwa nzima na kuliachia taratibu usiku. Saa tatu usiku mwamba wa Kondoa bado una joto linaloweza kumficha mtu aliyejilaza kando yake. Saa kumi alfajiri mwamba umepoa, mtu hajapoa. Kikosi kinachojua eneo lake kitapaa saa hiyo, na kwa bahati njema ndiyo saa ambayo hewa imetulia kuliko saa nyingine zote, kabla jua halijaanza kuinua chamchela za vumbi jekundu.

Joto hilo hilo ni adui wa kila kinachoruka. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Kiwanja cha Dodoma kipo mita 1,119 juu ya bahari. Mchana wa Oktoba kipimajoto kikisoma nyuzi 32, ndege huitikia kama kwamba kiwanja kipo mita 2,000. Rafadha inakata hewa isiyo na uzito, injini inapumua kwa shida, bawa linataka kasi zaidi kabla ya kubeba. Panda hadi mgongo wa Rubeho, mita 2,200, siku yenye nyuzi 22, na chombo kitahisi kipo karibu mita 3,000.

Helikopta huumia zaidi hapo. Inaposonga mbele, mapanga yake hupata msaada wa hewa mpya inayoingia. Inapoelea mahali pamoja juu ya genge, uzito wote unabebwa na nguvu ya injini peke yake. Helikopta ndogo ya pistoni kama Robinson R44, ikiwa imejaa, haiwezi kuelea juu ya Rubeho mchana wa joto mbali na ardhi. Chombo kilichonunuliwa kwa sababu kinaweza kusimama angani kitanyimwa uwezo huo mahali pale pale unapohitajika.

Zipo helikopta zisizojali mwinuko huo. Mei 14, 2005, rubani Mfaransa Didier Delsalle alitua na AS350 B3 juu ya kilele cha Everest, mita 8,848. Injini ya turbini yenye nguvu inaifanya Rubeho ionekane kichuguu. Lakini nguvu hiyo inalipiwa. Mapanga, giaboksi na vipuri vingi vya helikopta vina umri uliopangwa wa kutumika. Saa zikitimia huvuliwa na kubadilishwa hata kama vinang'aa. Cessna 206 hula lita 60 hivi za mafuta kwa saa, AS350 hula karibu mara tatu yake. Kwa upande wa Cessna ipo kasoro ambayo watetezi wake hawapendi kuitaja: injini yake ya pistoni hutumia avgas, na avgas bara ni adimu. Jet A-1, inayotumiwa na Caravan na helikopta za turbini, ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo peke yake, kikosi cha Dodoma kingefanya vizuri kuchagua ndege ya turbini japo ni ghali zaidi kuinunua.

Dodoma si mgeni wa ndege. Imperial Airways ilipofungua njia yake ya London hadi Cape Town mwaka 1932, Dodoma ilikuwa moja ya vituo, kati ya Moshi na Mbeya. Marubani wa wakati ule waliujua uwanda huu kama mahali pa kupumua kabla ya milima ya kusini. Lakini historia ya hapa hapa inafundisha pia mipaka ya kutazama kutoka juu. Ujumbe wa John Wakefield ulioikagua Tanganyika mwaka 1946, sehemu kubwa kwa ndege, uliiona ardhi ya Kongwa kuwa inafaa kwa mradi mkubwa wa karanga. Chini, udongo ule ulikauka ukawa mgumu kupindukia, majembe ya trekta yakavunjika, mvua zikakataa, na mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ikauachia mbali. Macho ya angani yanahitaji miguu ya kuthibitisha, na huu ndio utetezi wa kweli wa helikopta: inaweza kushusha askari wawili wakakague nyayo, kisha ikawachukua.

Ushindani wa vyombo hivi viwili katika kazi ya polisi milimani una mfano wa kale jirani, nao ni mchungu. Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari Kenya, kikosi cha anga cha polisi kilitumia vijindege vya Piper kuruka juu ya Aberdare na Mlima Kenya. Vilitafuta moshi na njia za wapiganaji wa Mau Mau, vilidondoshea doria chakula na kuwaelekeza marubani wa ndege za Harvard za jeshi la Uingereza mahali pa kupiga mabomu. Helikopta iliyoletwa mwaka 1954 ilikuwa Sycamore moja tu, kwa ajili ya kubeba majeruhi, na kwa injini ya pistoni ya enzi hizo misitu iliyo juu ya mita 3,000 ilikuwa mbali mno kwake. Watu waliowindwa walikuwa wakidai ardhi yao, na anayetaka polisi wawe na macho angani leo anapaswa kulikumbuka hilo anapoandika sheria ya nani anatazamwa, na kwa kibali cha nani.

Mfano wa pili ni wa juzi, na ndio mzito kuliko yote. Novemba 10, 2012, polisi wa Kenya waliingia bonde la Suguta, karibu na Baragoi, wakifuatilia ng'ombe walioibwa. Walikuta wanasubiriwa juu ya magenge. Zaidi ya askari 40 waliuawa, wengi wao vijana waliokuwa wametoka chuoni muda si mrefu. Helikopta zilikwenda baadaye, kuchukua majeruhi na miili.

Anayejua makorongo ya Kondoa au miteremko ya Rubeho ataielewa Suguta bila ramani. Askari wanaofuata kwato chini ya korongo hawaoni chochote isipokuwa kuta mbili na kipande cha anga. Wanahitaji mtu aliyekuwa juu tangu alfajiri, aliyezunguka mbali kiasi cha kutostua mtu, na anayeweza kuwaambia kwa redio kwamba mgongo wa kushoto una watu. Kazi hiyo ya saa tatu au nne za kungoja haiwezi kufanywa na helikopta bila kujulikana. Mlio wake hutangulia kilomita kadhaa, na unapogonga kuta za bonde hurudi umeongezeka.

Kukaa chini na kwenda polepole kuna hatari nyingine. Januari 29, 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa akiendesha helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa, katika operesheni ya pamoja na mamlaka za wanyamapori, wakifuatilia mizoga ya tembo. Jangili mwenye bunduki aliyejificha kichakani alifyatua risasi kutoka chini. Gower alijitahidi kushusha chombo, lakini alifariki. Ndege inayozunguka mita mia kadhaa juu, ikiwa na kamera nzuri, haiko salama kabisa, lakini humpa mpigaji shabaha ngumu mara nyingi zaidi.

Isije ikadhaniwa kwamba mabawa yana kinga dhidi ya mlima. Aprili 10, 2006, ndege ya Harbin Y-12 ya Jeshi la Anga la Kenya ilikuwa ikiwapeleka viongozi Marsabit kwenye mkutano wa amani baina ya jamii zilizokuwa zikiuana. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mlima. Ndege iligonga kilima karibu na mwisho wa safari na watu 14 kati ya 17 wakafa, wakiwemo wabunge Bonaya Godana na Mirugi Kariuki. Juni 5, 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga Aberdare. Watu wote 10 walikufa, na ukungu ukawazuia watafutaji wa angani hadi mabaki yakapatikana siku ya tatu. Hata Kilimanjaro ina kumbukumbu yake: Mei 18, 1955, DC-3 ya East African Airways iligonga Mawenzi ikitokea Dar es Salaam, na watu 20 wakapotea.

Helikopta nazo zimezikwa milimani. Juni 10, 2012, AS350 mpya ya polisi wa Kenya ilianguka katika msitu wa Ngong, muda mfupi baada ya kupaa Wilson, ikielekea Ndhiwa. Waziri wa usalama wa ndani George Saitoti, msaidizi wake Orwa Ojode, marubani wawili na walinzi wawili walikufa. Miezi miwili baadaye, Agosti 12, helikopta tatu za kivita za Mi-24 za jeshi la Uganda zilizokuwa njiani kwenda Somalia ziliangukia Mlima Kenya usiku mmoja, na wanajeshi 7 wakafariki. Ya nne, Mi-17, ilifika Garissa salama. Aprili 18, 2024, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na wenzake tisa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet, akiwa ziarani katika eneo linalosumbuliwa na wezi wa mifugo.

Ukiziweka ajali hizo pamoja, aina ya chombo haielezi sana. Ngong na Marsabit zinaeleza jambo jingine linalowahusu polisi moja kwa moja: chombo cha usalama kikishakuwa usafiri wa viongozi, ratiba ya mkutano huingia ndani ya chumba cha rubani. Hakuna anayejua kila kilichopita vichwani mwa marubani wale, na haifai kuwabebesha mzigo. Lakini kikosi kinachoundwa Dodoma, jiji la Bunge, mawaziri na misafara, kitakumbana na jaribu hilo kila wiki. Chopa ndiyo inayotamaniwa na wakubwa. Ndege ndogo yenye viti viwili vya mbele, kamera tumboni na skrini nyuma haina nafasi ya mgeni rasmi, na hiyo ni faida ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya manunuzi.

Mlima wenyewe unahitaji mafunzo ya peke yake. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kutoka baharini, hupanda mteremko wa Kilosa, huacha unyevu wake kwenye misitu, kisha huporomoka upande wa Mpwapwa ukiwa mkavu. Rubani anayetoka Dodoma anaikabili Rubeho kutoka kisogoni mwa upepo. Mbele yake anga ni safi, mgongo wa mlima unaonekana, na wingu jeupe limeukalia kwa utulivu. Anapokaribia, hewa inayoshuka huanza kumvuta chini. Anainua pua, kasi inapungua, na mlima unazidi kuongezeka kwenye kioo. Waliofundishwa hupata urefu wao mapema, wakiwa bado juu ya uwanda, angalau mita 300 zaidi ya mgongo wanaotaka kuuvuka, na zaidi ya hapo upepo ukiwa mkali. Tena huuendea mlima kwa upande, ili mambo yakiharibika wageuke kwa pembe ndogo na kurudi kwenye bonde.

Korongo ni mtego mwingine. Cessna inayokwenda kilomita 165 kwa saa na kuinama nyuzi 30 inahitaji karibu mita 750 za upana ili igeuke kabisa. Makorongo mengi ya Rubeho hayana upana huo. Kwa hiyo ndege ya polisi huko haina ruhusa ya kuingia ndani ya bonde. Inatazama kutoka juu ya migongo. Helikopta inaweza kuingia, kusimama, kurudi nyuma. Hapo haina mpinzani, na mtu aliyevunjika mguu kwenye jabali hatajali hotuba zote za gharama. Ila nayo inapotua kwenye mchanga wa Ugogo hunyanyua ukuta wa vumbi unaomfunika rubani sekunde za mwisho, asione ardhi wala upeo. Kumwagia eneo maji kabla, au kuchagua mwamba mtupu, ni mambo madogo yanayookoa chombo kizima.

Nchi nyingine zimekwisha kulipia somo hili. Lesotho, ambayo ardhi yake yote ipo juu ya mita 1,300, ilipoanzisha kikosi cha anga ndani ya polisi wake mwishoni mwa miaka ya 1970 ilianza na vyote viwili, ndege za Skyvan na helikopta za Bo 105. Polisi wa Afrika Kusini wana helikopta nyingi, na bado wanatumia Pilatus PC-6, inayopaa katika nafasi isiyozidi uwanja wa mpira mara mbili, na PC-12 kwa safari ndefu. Uingereza, yenye helikopta za polisi kila kona, iliongeza ndege nne za Vulcanair P68 kwa ajili ya kukaa juu muda mrefu kwa gharama ndogo.

Ndege nyuki nazo zimeingia, na kwa korongo moja, kwa nusu saa, zinafanya maajabu: askari anaitoa kwenye begi, anaona nyuma ya jabali, anaokoa maisha. Upepo wa kusi juu ya Rubeho huzisumbua zile ndogo, na zile kubwa za kukaa angani kutwa zinahitaji kiwanja, mafundi na wataalamu karibu sawa na ndege yenye rubani.

Jeshi la Polisi Tanzania tayari lina kikosi chake cha anga, na makao makuu ya jeshi hilo yamekuja Dodoma pamoja na Serikali. Kiwanja cha kimataifa cha Msalato, ambacho Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe lake la msingi Oktoba 2022, kinatoa nafasi ya kupanga upya nani atakaa wapi. Hanga moja ya ndege ya turbini yenye bawa la juu, marubani waliofunzwa kuruka milimani, watazamaji waliosomea kamera, na amri iliyoandikwa kwamba rubani akisema hali ya hewa imekataa hakuna cheo kinachomjibu: huo ungekuwa mwanzo wa bei inayoweza kutetewa bungeni. Helikopta ije baada yake, yenye turbini na nguvu ya kutosha, ikiitwa pale ndege inapokuwa imekwisha kuona.

Kazi iliyobaki ni ya chini kabisa. Mpwapwa, Kongwa na Kondoa zina viwanja vidogo vya ndege, na viwanja vya namna hiyo visipotumika huota nyasi, mbuzi wakaingia, wananchi wakachonga njia ya mkato katikati. Kuvifyeka kila baada ya mvua ni kazi ya vibarua wachache na mtendaji wa kata anayewasimamia. Mapipa ya Jet A-1 yakifungiwa Mpwapwa, yakakaguliwa maji na tarehe zake kila mwezi, helikopta inayowatoa majeruhi Rubeho haitalazimika kurudi hadi Dodoma kujaza mafuta, kilomita zaidi ya 80 kila upande. Ni karibu dakika 45 zinazookolewa kwa kila mzunguko.